Punguza mwanga wa kioo, chaji ya laptop idumu: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Malalamiko ni yaleyale kila wiki: "Fundi, nimepunguza mwanga mpaka nasoma kwa shida, lakini chaji inaisha vilevile." Nikiishika mashine nakuta moja kati ya mambo matatu. Ama mwenyewe amepunguza rangi akidhani amepunguza mwanga. Ama mwanga umeshuka kweli, ila kuna simu inachajiwa kwenye tundu la USB hapohapo pembeni. Ama betri imezeeka na haijawahi kupimwa tangu mashine inunuliwe.

Hatua zilizopo hapa ni za Windows 10 na 11, maana ndizo zilizojaa mitaani. Linux na Mac nimeziweka karibu na mwisho kwa kifupi. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye kioo, kwa kuwa wengi wetu tunatumia Windows ya Kiingereza.

## Vitu vya kuandaa

- Laptop yenye betri inayoweza kukaa angalau dakika 40 bila chaja, pamoja na chaja yake
- Kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kama kile cha kufutia miwani, na maji safi kidogo
- Karatasi nyeupe ya A4 isiyoandikwa kitu
- Simu yenye kamera
- Kalamu na daftari
- Chumba unachoweza kukitia giza, la sivyo subiri usiku
- Muda wa saa moja na nusu hivi, si lazima uwe wa mfululizo

Huhitaji kupakua programu yoyote. Mtu akikuletea "kiongeza betri" cha kupakua, mkimbie.

## Elewa kwanza umeme unaliwa wapi

Vioo vya laptop nyingi ni vya LCD. Pikseli za LCD, yaani vidoti vidogo vinavyounda picha, haziwaki zenyewe, zinafanya kazi kama pazia. Nyuma yake kuna taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni, na karatasi za plastiki zinazotandaza mwanga huo kioo kizima. Taa hizo ndizo zinazokula chaji.

Picha iwe nyeusi au nyeupe, kwa kawaida taa zinawaka kwa nguvu ileile. Ni kama kufunga mapazia mchana wa jua kali: chumbani giza, nje jua halijapungua hata kidogo. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mbele ya kioo kilichofifia kabisa huku taa zikiendelea kuwaka kwa asilimia 100.

Vioo vya OLED ni habari nyingine, maana kila pikseli inawaka yenyewe na nyeusi ni pikseli iliyozimwa. Hatua ya 3 itakuonyesha chako ni cha aina gani.

## Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa chochote

Usitegemee ile "saa 3 zimebaki" ya Windows. Inakadiria kutokana na kazi unayofanya wakati huo, kwa hiyo ukifungua video inashuka, ukifunga inapanda. Tunataka namba mbili za kulinganisha, moja ya kabla na moja ya baada.

1. Chaji betri mpaka ifike angalau asilimia 80. Pandisha mwanga wa kioo hadi mwisho.
2. Chagua kazi moja nyepesi, mfano kuandika kwenye Word huku WiFi ikiwa imewashwa. Funga mengine yote. Kazi hiyohiyo utairudia kwenye Hatua ya 6, kwa hiyo usichague kitu ambacho hutaweza kukirudia.
3. Chomoa chaja. Andika saa daftarini. Fanya kazi kwa dakika 30 kamili.
4. Kabla hujarudisha chaja, bonyeza Start, andika `cmd`, fungua Command Prompt, kisha andika:

`powercfg /batteryreport /output "%USERPROFILE%\betri1.html"`

5. Fungua folda yenye jina lako ndani ya C:\Users, ubonyeze faili la betri1. Litafunguka kwenye kivinjari.

Tahadhari: amri hiyo iandike kwenye Command Prompt, usiiandike kwenye PowerShell. PowerShell haitambui `%USERPROFILE%` na itakuletea kosa.

Sasa soma sehemu mbili za ripoti.

Ya kwanza ni Installed batteries. Angalia DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake leo ikijaa. Zote ziko kwa mWh, miliwati-saa. Ikiwa ya kwanza inasoma 48,000 na ya pili 24,000, betri yako imebaki nusu. Mwanga ukiushusha bado utasaidia, ila utakuwa unabana matumizi kwenye debe lililotoboka. Kwa laptop zilizotumika Ulaya kabla ya kufika kwetu, hali hiyo ni ya kawaida kabisa, kwa hiyo usishtuke.

Ya pili ni Recent usage. Kila ulipochomoa au kuchomeka chaja, Windows imeandika mstari wenye saa, asilimia na mWh. Tafuta mstari wa pale ulipochomoa chaja, kisha mstari wa mwisho ulioandikwa Report generated. Toa ya pili kwenye ya kwanza.

Chukua mfano. Ulipochomoa ilikuwa 38,200 mWh, ripoti ilipotoka ikawa 33,500. Umetumia 4,700 kwa nusu saa, yaani 9,400 kwa saa. Gawa kwa 1,000: laptop inakula wati 9.4. Andika namba hiyo daftarini na uizungushie duara.

Baadhi ya ThinkPad, kama T470 na T480, zina betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa. Ripoti itazitaja zote mbili, na uwezo wa mashine ni jumla yake.

Umefanikiwa ukiwa na: namba moja ya wati na namba mbili za uwezo wa betri. Bila hizo usiende mbele.

## Hatua ya 2: Tafuta kitufe cha kweli cha mwanga

Angalia mstari wa juu wa kibodi, vitufe vya F1 hadi F12. Kuna viwili vyenye alama ya jua, kimoja jua dogo na kingine jua kubwa. Mpangilio unatofautiana kati ya kampuni na kampuni, hata kati ya modeli na modeli, kwa hiyo fuata alama na uachane na namba.

Ukibonyeza na badala ya mwanga kushuka kikatokea kitu kingine, shika kitufe cha Fn huku ukibonyeza. Kwenye mashine nyingi Fn pamoja na Esc hugeuza mpangilio huo moja kwa moja, usilazimike kushika Fn kila mara.

Vitufe vikiwa vimeharibika, njia ya pili ni Windows + A. Litatokea dirisha dogo kwenye kona ya kulia chini, lenye kitelezi, ule mstari wa kuvuta wenye alama ya jua. Njia ya tatu ni Settings, System, Display, kisha Brightness.

### Kitelezi hakipo au hakifanyi kitu

Hili ni tatizo la mashine zilizowekwa Windows upya haraka haraka pale dukani. Bonyeza kulia kwenye Start, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta imeandikwa Microsoft Basic Display Adapter, umempata mchawi. Windows inaonyesha picha kwa draiva (programu inayoendesha kifaa) ya dharura, na draiva hiyo haina uwezo wa kuzungumza na taa za kioo.

Unganisha intaneti, nenda Settings, Windows Update, ruhusu masasisho yote yakiwemo yale ya hiari. Kwenye Windows 10, Windows Update iko ndani ya Update & Security. Ikishindikana, pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptop, ukitumia namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine.

Tahadhari: usipakue programu za "kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja". Nimesafisha mashine nyingi zilizoingiziwa takataka kwa njia hiyo.

Draiva ikiwa sawa na kitelezi bado hakifanyi kazi, fungua Monitors kwenye Device Manager hiyohiyo. Ukikuta Generic PnP Monitor ina mshale mdogo unaoelekea chini, imezimwa. Bonyeza kulia, chagua Enable device.

Na kama unatumia kioo cha nje kilichounganishwa kwa kebo, kitelezi cha Windows kwa kawaida hakikihusu. Kina vitufe vyake chini au nyuma. Umeme wake pia hautoki kwenye betri ya laptop, labda kiwe kile chembamba kinachotumia kebo moja ya USB-C.

## Hatua ya 3: Hakikisha taa ndiyo imeshuka

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo tusiharakishe.

Dada mmoja, mwalimu, aliniletea mashine akidai betri niliyomfungia ni feki. Kioo kilikuwa cha njano kama chai ya maziwa, na kila dirisha lilikuwa jeusi. Nikamuuliza, "Dada, mwanga umeweka ngapi?" Akanijibu, "Fundi, huoni mwenyewe palivyo giza?" Nikabonyeza Windows + A, kitelezi kiko mwisho kabisa wa kulia. Miezi yote hiyo alikuwa ametumia Night light na mandhari nyeusi (dark mode), na taa zikiwaka kwa nguvu zote.

Vitu vifuatavyo havipunguzi taa ya kioo cha LCD:

- Night light. Inapunguza rangi ya bluu tu, kioo kinakuwa cha njano. Imekusudiwa kupumzisha macho usiku, betri haigusi.
- Mandhari nyeusi ya Windows au ya kivinjari.
- Picha nyeusi ya kwenye desktop.
- Programu za "kutia giza kioo" zinazotandaza kivuli juu ya picha.
- Screen saver. Picha zinacheza, taa ziko palepale.

Sasa fanya jaribio. Zima taa za chumba, funga pazia. Fungua picha nyeusi tupu ijaze kioo kizima. Unaweza kuitengeneza kwenye Paint kwa kumwaga rangi nyeusi. Subiri dakika mbili macho yazoee giza.

Angalia kwa makini. Kwenye LCD nyeusi haitakuwa nyeusi. Utaona weusi wa majivu, na pengine mabaka ya mwanga kwenye kona na ukingo wa chini. Huo ni mwanga wa taa unaopenya pazia.

Bonyeza kitufe cha jua dogo mara moja, tena, tena. Majivu yale yakizama hatua kwa hatua, taa inashuka kweli. Yakibaki vilevile, unachokipunguza ni kivuli, na betri haitaona tofauti. Rudi Hatua ya 2, au uondoe ile programu ya kivuli.

Ukiona nyeusi ni nyeusi tii, huwezi hata kujua kioo kinaishia wapi, hiyo ni OLED. Kwako mandhari nyeusi inaokoa chaji kweli, na picha nyeusi ya desktop pia. Kushusha mwanga bado kunasaidia, hasa ukifungua kurasa nyeupe.

Tahadhari: usishushe hadi sifuri kwenye chumba chenye mwanga. Baadhi ya laptop zikifika sifuri huzima taa kabisa, na mtu hudhani kioo kimekufa. Ikikutokea, bonyeza kitufe cha jua kubwa mara kadhaa. Ukimulika kioo kwa tochi ya simu kwa pembeni utaona maandishi yapo, yamekosa taa tu.

## Hatua ya 4: Tafuta kiwango cha chumba chako

Futa kioo kwanza. Sitanii. Vumbi na alama za vidole hutawanya mwanga, maandishi yanafifia, na mtu anapandisha mwanga kushindana na uchafu wake mwenyewe. Zima mashine, lowesha kitambaa kidogo, kikamue, futa kutoka juu kwenda chini bila kukandamiza. Usinyunyizie maji moja kwa moja kwenye kioo, yatashuka hadi ukingo wa chini ambako kuna saketi. Spiriti na sabuni za kusafishia madirisha ziache, zinaweza kuharibu utando wa juu.

Kisha geuza kiti. Dirisha likiwa mgongoni mwako, mwanga wake unagonga kioo na kukurudia usoni. Likiwa mbele yako, macho yanabana kwa sababu ya jua na kioo kinaonekana cheusi. Likae ubavuni. Kugeuza meza kwa robo ya mzunguko kunaweza kukupa nafuu kubwa kuliko kupandisha mwanga, na hakuli hata chembe ya chaji.

Sasa chukua ile karatasi ya A4.

1. Fungua ukurasa mtupu wa Word ujaze kioo.
2. Shika karatasi pembeni mwa kioo, ikipigwa na mwanga wa chumba kama kawaida.
3. Shusha mwanga mpaka weupe wa kioo ulingane na weupe wa karatasi. Kioo kikionekana kama taa kando ya karatasi, bado kiko juu. Kikionekana cha kijivu, umeshusha mno.
4. Kaa nacho dakika mbili hadi tatu kabla ya kuhukumu. Macho yaliyozoea mwanga mkali huona kila kitu ni giza mwanzoni, kama unapoingia ndani ukitoka juani.

Kwa laptop za kawaida, usiku sebuleni mtu huangukia kati ya asilimia 15 na 30, mchana ndani kati ya 40 na 60, na barazani 70 kwenda juu. Hizo ni namba za kuanzia. Asilimia 50 ya mashine yako inaweza kuwa sawa na 30 ya jirani, kwa kuwa vioo havilingani nguvu na kitelezi hakishuki kwa usawa. Chini ya mwembe saa sita mchana hakuna kiwango kitakachokutosha. Kama kazi ni ndefu, ingia ndani.

Ukiona bado unakodoa macho, ongeza ukubwa wa maandishi kabla ya kuongeza mwanga. Kwenye kivinjari shika Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha. Maandishi makubwa kwenye mwanga wa 35 husomeka vizuri kuliko madogo kwenye 80.

Hapa nina msimamo wangu ambao wengine hawaukubali: kwenye LCD, mchana, achana na mandhari nyeusi. Maandishi meusi kwenye weupe husomeka kwa mwanga mdogo, wakati dirisha jeusi hugeuka kioo cha kujitazamia uso, na mkono wenyewe unakwenda kupandisha mwanga. Kwa hiyo mandhari iliyowekwa kuokoa betri inaishia kuimaliza.

### Kichwa kikiuma

Baadhi ya vioo hushusha mwanga kwa kuzima na kuwasha taa mara mamia kwa sekunde. Jicho halioni, ila watu wengine huumwa kichwa. Weka ukurasa mweupe, shusha mwanga, elekeza kamera ya simu karibu na kioo. Ukiona mistari myeusi minene inatembea kwenye picha, kioo chako huenda ni cha aina hiyo. Pandisha taratibu mpaka mistari ipotee au ipungue sana, ubaki hapo. Chaji kidogo utakayopoteza ina thamani ndogo kuliko kichwa chako.

## Hatua ya 5: Iache mashine ijifanyie yenyewe

Zamani laptop ilikuwa ikififia yenyewe ukichomoa chaja. Tangu sasisho la Windows 10 la mwaka 2019, kiwango kinabaki palepale ulipokiacha. Umeme ukikatika jioni na ulikuwa kwenye 100, utaendelea na 100 mpaka ukumbuke. Na umeme ukikatika, cha kwanza unachotafuta ni mshumaa, kitelezi baadaye.

Energy saver. Kwenye Windows ya nyuma inaitwa Battery saver. Iko Settings, System, Power & battery; kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa Battery. Kwa kawaida huwaka betri ikibaki kidogo, na hushusha mwanga hadi asilimia 70 ya kiwango ulichoweka, mfano 60 inakuwa 42. Isogeze iwake kwenye 50. Hakikisha kile kisanduku cha kushusha mwanga kimewekwa alama. Gharama yake ni kwamba baadhi ya programu zinazofanya kazi kwa nyuma hubanwa, na barua pepe zinaweza kuchelewa kuingia.

Kioo kizime mapema. Taa iliyozimwa haili kitu, na hakuna kiwango cha mwanga kinachoshinda hapo. Fungua Command Prompt uandike:

`powercfg /change monitor-timeout-dc 2`

Maana yake ni kwamba ukiwa kwenye betri, kioo kizime baada ya dakika 2 bila kuguswa. Kazi zako hazifungwi. Gusa kitufe chochote kinarudi. Ukisoma vitabu virefu weka 5, vinginevyo kitakuzimikia katikati ya aya.

Mwanga unaofuata picha. Kwenye Windows 11, pale Display, bonyeza mshale ulio pembeni mwa Brightness. Ukikuta Change brightness based on content, chagua On battery only. Inafifisha taa picha ikiwa ya giza na kuongeza utofauti wa rangi ili usigundue. Wapiga picha na wanaohariri video waizime, kwa sababu rangi zitawadanganya. Mashine nyingine hazina kipengele hiki.

Kitufe cha dharura. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Bonyeza kulia kwenye desktop, New, Shortcut, kisha bandika:

`powershell -Command "(Get-WmiObject -Namespace root/WMI -Class WmiMonitorBrightnessMethods).WmiSetBrightness(1,35)"`

Badala ya 35 weka kiwango ulichokipata kwa karatasi. Kipe jina, mimi changu nimekiita Giza. Umeme ukikatika, unabonyeza mara mbili na kioo kinashuka hapohapo. Dirisha la bluu au jeusi litatokea na kupotea mara moja, ni sawa. Likiacha maandishi mekundu, draiva yako haijakaa vizuri. Rudi Hatua ya 2. Amri hii inahusu kioo cha laptop chenyewe tu.

## Hatua ya 6: Pima tena

Rudia Hatua ya 1 neno kwa neno, ila mwanga uuache kwenye kiwango ulichokipata kwa karatasi: betri zaidi ya asilimia 80, kazi ileile, dakika 30 zilezile. Kilichobadilika kiwe mwanga peke yake. Kwenye amri andika betri2 badala ya betri1.

Tuendelee na mfano wetu. Safari hii umeanza na 37,900 ukaishia 34,200. Umetumia 3,700 kwa nusu saa, sawa na wati 7.4. Kama betri ikijaa ina 40,000 mWh, awali ilikuwa inakupa saa 4 na robo hivi; sasa inakupa saa 5 na dakika 24. Ni zaidi ya saa nzima, bila kununua kitu.

Kwa kioo cha inchi 14 au 15.6, kuokoa wati 1 hadi 3 kwa kazi nyepesi ni matokeo mazuri. Kama kazi yako ni kuhariri video au kucheza gemu, prosesa na kadi ya picha zinakula kiasi ambacho mchango wa kioo hauonekani.

## Wenye Linux na Mac

Linux (Ubuntu, Debian na jamii yake): sakinisha kwa `sudo apt install brightnessctl`, kisha `brightnessctl set 35%`. Wati unazisoma papo hapo kwa `upower -i $(upower -e | grep BAT)`, mstari wa energy-rate. Usitumie `xrandr --brightness`, kwa sababu inafifisha picha na kuacha taa ilivyo, yaani kosa lilelile la kivuli.

Mac: F1 na F2 hushusha na kupandisha. Kwenye System Settings, Battery, Options, washa Slightly dim the display on battery.

## Tofauti ikiwa ndogo

Chomoa simu. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa hadi wati 2.5, na la USB 3.0 hadi 4.5. Ulichookoa kwa kukaa kwenye kioo hafifu kinaweza kuishia chote kwenye simu. Modemu ya USB nayo imo humohumo, na taa za chini ya vitufe vya kibodi pia.

Kama kioo chako ni cha 120 au 144 Hz, yaani huchora picha upya mara 120 au 144 kwa sekunde, nenda Display, Advanced display, ukishushe hadi 60 unapokuwa kwenye betri.

Halafu bonyeza Ctrl + Shift + Esc ufungue Task Manager, utazame safu ya Power usage. Mara nyingi utakuta kivinjari chenye vichupo (tabs) thelathini kinaongoza.

Ukishamaliza hayo yote na FULL CHARGE CAPACITY yako iko chini ya nusu ya DESIGN CAPACITY, nunua betri. Nenda dukani na laptop yenyewe, ulinganishe namba ya modeli na volti zilizoandikwa kwenye betri ya zamani. Wakishaifunga, iache ijae, kisha toa ripoti hapohapo kaunta kabla hujalipa. Betri inayoitwa mpya huku FULL CHARGE CAPACITY ikiwa chini sana ya DESIGN CAPACITY, iache mezani kwao.